Shadow 750 Mikononi mwa Fundi

Ukitaka kujua Honda Shadow imetoka wapi, usimuulize mwenye nayo. Geuza usukani mpaka mwisho upande wa kushoto, loweka kitambaa kwa petroli kidogo, ufute shingo ya fremu upande wa kulia. Pale pamegongwa herufi na tarakimu 17. Zikianza na JH2, imetengenezwa Japani. Zikianza na 1HF, imetengenezwa Marekani, na Shadow yenye namba hizo imetoka Marysville, mji mdogo ulio kaskazini-magharibi ya Columbus, Ohio, hapa ninapoishi na kufanya kazi. Alama ya kumi inataja mwaka wa modeli: W ni 1998, Y ni 2000, kisha 2001 hadi 2009 ni tarakimu tupu. Nimeshaletewa pikipiki "ya 2004" ambayo shingo yake inasema 2001, na mwenyewe keshaagiza kabureta ya 2004 kwa pesa yake. Haiingii. Kwa mtu anayepita njiani pikipiki hizo mbili ni kitu kimoja, lakini moja ina kabureta mbili, nyingine ina moja.

Mimi ufundi niliuanzia Moshi, kwenye Honda CG125 na XL125 za mabwana shamba na za misheni, pikipiki za silinda moja ambazo ukiwa na spana nne na bisibisi unazifungua zote zikabaki fremu. Injini ya V ya Honda niliiona mara ya kwanza huko huko Moshi. Wazungu waliokuwa wakishuka kutoka Cairo kwenda Cape Town walikuwa wakipita, na mmoja akatuletea Transalp iliyokuwa inamisi. Tulipofungua tukakuta silinda moja ina plagi mbili. Mzee aliyenifundisha kazi akaitazama kwa muda, akasema, "Hawa wana hela ya kuchezea," akaendelea na cheni yake.

Miaka mingi baadaye, Columbus, nikafungua Shadow VLX, ile ya cc 583, nikakuta valvu tatu zile zile za Transalp kwa kila silinda, na pembe ile ile ya nyuzi 52 kati ya silinda ya mbele na ya nyuma. Ni ukoo mmoja. Mzazi ni VT500 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watoto wengine walipelekwa vumbini wakaitwa Transalp na Africa Twin. Wengine wakavalishwa kromu, wakashushwa kiti, wakaitwa Shadow. Mpanda Transalp anajivunia injini yake na kuisimulia mpaka umechoka. Mwenye Shadow, mara nyingi, hajui kilichomo ndani, na ndivyo Honda walivyotaka. Kazi kubwa ya wahandisi wa pikipiki hii ilikuwa kuificha kazi yao.

Kijana ninayefanya naye kazi ametoka Uvira, Kongo. Alizoea pikipiki za kubebea abiria, na wiki zake za mwanzo alikuwa akiuliza kila kitu. Siku moja tulikuwa tumeondoa tenki la Shadow Aero ya 2006. Akapitisha kidole juu ya zile pezi za chuma zilizopangwa kuzunguka silinda.

"Yaya, hii moteri iko na maji, ama?"

"Ina maji, mdogo wangu. Rejeta ile pale."

Rejeta ya Shadow ni nyembamba na ndefu, imebanwa katikati ya mabomba mawili ya fremu mbele ya injini, imepakwa rangi nyeusi. Ukisimama ubavuni mwa pikipiki huioni.

"Sasa haya mabawa ni ya nini?"

Swali zuri. Pezi ni za injini inayopozwa na upepo. Injini yenye maji, rejeta na feni haina haja nazo kiasi hicho. Zimewekwa kwa sababu mnunuzi wa Marekani, akifikiria pikipiki ndefu ya kulalia nyuma, miguu mbele, anafikiria Harley-Davidson, na Harley ina pezi. Nilimweleza hivyo. Akacheka, akasema kwao mtu akiweka kitu kisicho na kazi kwenye pikipiki, anaweka sauti ya redio, si chuma.

Shadow ilitoka 1983 ikiwa na ukubwa wa aina mbili, VT500C na VT750C. Ilikuja na maji, shafti badala ya cheni, na krenki yenye pini mbili zilizopishana. Hii ya krenki inataka maelezo kidogo, maana ndiyo roho ya hadithi yote. Injini ya V yenye pini moja, pistoni zote mbili zikining'inia hapo, hutikisika kwa sababu uzito unaopanda na kushuka hausawazishiki. Ukizipishanisha pini kwa pembe maalum, mtikisiko mkuu unakufa. Hesabu yake ni rahisi: chukua 180, ondoa mara mbili ya pembe ya V. Kwa silinda zilizoachana nyuzi 52 unapata 76. Kwa zilizoachana nyuzi 45 unapata 90. Honda walifanya hesabu hiyo wakaitia ndani ya chuma, na injini ikawa tulivu, ukiweka kikombe cha chai juu ya tenki hakimwagiki.

Halafu siasa ikaingia. Aprili 1983, mwaka ule ule wa kuzaliwa Shadow, Rais Ronald Reagan alipandisha ushuru wa pikipiki zinazotoka nje zenye injini ya zaidi ya cc 700. Ombi lilikuwa la Harley-Davidson, iliyokuwa karibu kuzama. Ushuru wa kawaida ulikuwa asilimia 4.4, juu yake ikaongezwa asilimia 45 kwa mwaka wa kwanza, ukipangiwa kupungua mwaka hadi mwaka kwa miaka mitano. Wajapani hawakupiga kelele nyingi. Honda walichofanya ni kuipunguza injini ikawa chini kidogo ya 700, na mwaka 1984 Shadow ya kati huku Marekani ikawa VT700C. Kwingine iliendelea kuwa 750. Mwaka 1987 Harley, ikiwa imepata nafuu, ikaomba yenyewe ushuru uondolewe kabla ya muda wake.

Kwangu mimi ile si historia ya kitabuni. Mtu akinipigia simu, "Nina Shadow ya katikati ya miaka ya 80, nataka gasketi," swali langu la kwanza ni kama ni 700 au 750, na kama ilinunuliwa Marekani au ililetwa kutoka Kanada. Ushuru umekufa zamani, lakini katika boksi la vipuri bado uko hai.

Kulikuwa na njia nyingine ya kuukwepa: kutengeneza pikipiki ndani ya Marekani. Marysville palikuwa tayari. Honda walianza kuunda pikipiki pale 1979, kabla ya gari lao la kwanza la Ohio, na Shadow kubwa ya 1100 iliyotoka 1985 ikawa ya pale. Ndiyo maana mkoa huu umejaa 1100, na wateja wangu wazee kadhaa ni watu waliokuwa kwenye mstari wa kuziunda. Uundaji wa pikipiki Marysville ulikoma 2009. Hawa wazee ukiwafanyia sevisi wanasimama nyuma yako. Hawasemi kitu, lakini ukikaza boliti bila spana ya kupimia nguvu, utasikia mtu anakohoa.

Hizo 1100 ndizo zilizopata kisa cha kuchekesha zaidi. Mwaka 1995 ilitoka ile iliyoitwa American Classic Edition, kwa kifupi ACE. Ndani yake wahandisi walitupa krenki ya pini mbili, wakatia ya pini moja. Kwa nini? Kwa sababu ya mlio. V ya nyuzi 45 yenye pini moja haichomi mafuta kwa vipindi sawa: kutoka mlipuko wa kwanza mpaka wa pili krenki inazunguka nyuzi 315, kutoka wa pili mpaka wa kwanza tena nyuzi 405. Ndiyo ile sauti ya kuchechemea ambayo Mmarekani akiisikia anageuza shingo. Kampuni iliyowalipa wahandisi kuondoa mtikisiko iliwalipa tena kuurudisha. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1994, Harley walikuwa wamekwenda kuomba mlio wa injini yao uandikishwe kuwa alama yao ya biashara. Washindani wakapinga, kesi ikavutana, na mwaka 2000 Harley wakaondoa ombi. Mimi nasema kila upande ulikuwa na haki ya kuudhika. Lakini nikiendesha ACE 1100 ya mteja kuijaribu barabarani, vioo vya pembeni vinacheza, nami simuelewi mtu aliyelipa zaidi kupata hiyo.

Shadow ninayoipenda ni 750, ile iliyokuja na modeli ya 1998, VT750C ACE, na zilizoifuata. Injini ni cc 745, nyuzi 52, gia tano. VLX ya 600 ilitangulia, tangu 1988, ikiwa na gia nne tu na shokapu iliyofichwa chini ya kiti ili nyuma ionekane kama haina springi. Ni pikipiki nzuri ya kujifunzia, na imeishia 2007. Lakini 750 ndiyo inayokaa katikati hasa. Inakimbia barabara kuu bila kulia, na bado mtu mfupi anaimudu. Kwenye Aero kiti kiko milimita 658 kutoka chini. Mama mmoja muuguzi, mteja wangu, urefu wake ni mita moja na nusu na ushee, anaweka nyayo zote mbili chini kwenye taa nyekundu. Uzito unapita kilo 250, ila umelala chini kabisa, hivyo huuoni mpaka siku inapokuangukia. Kona siyo kazi yake. Gurudumu la mbele na la nyuma yameachana zaidi ya mita moja na nusu, na ukiilaza, vikanyagio vinakwangua lami mapema sana.

Sasa kabureta, maana hapo ndipo ninapopatia kodi ya nyumba.

ACE 750 ina kabureta mbili za milimita 34, zimekaa ndani ya V, moja inalisha silinda ya mbele, nyingine ya nyuma. Ohio kuna baridi kali. Kuanzia Novemba mpaka Aprili pikipiki imelala gereji, na petroli ya hapa karibu yote imechanganywa na asilimia 10 ya ethanoli. Ethanoli inavuta unyevu, petroli nyepesi inageuka mvuke, na kinachobaki chini ya bakuli la kabureta ni utomvu wa kahawia unaonuka kama rangi iliyooza. Ikifika Aprili simu zinaanza. Dalili ni ile ile: inawaka ukivuta choki, ukiirudisha choki inazima, ukiwa kwenye mwendo inakwenda vizuri, ukisimama kwenye taa inakufa.

Tatizo liko kwenye jeti ya mzunguko wa chini. Ni kijiti kidogo cha shaba, na tundu lake halifiki nusu milimita. Kabla hujaifikia, unatoa kiti, tenki, kisafisha hewa, nyaya, na kabureta zenyewe zikiwa pamoja. Kisha unakutana na skrubu za bakuli. Hapa ndipo wanaojifunzia kwenye video za simu wanaponiletea pikipiki. Skrubu za Kijapani zina msalaba wao. Ukiingiza bisibisi ya msalaba ya duka la kawaida inateleza na kula kichwa cha skrubu, maana chuma chake ni laini. Nina bisibisi za msalaba wa Kijapani zenye mpini mwekundu, na huyo kijana wa Uvira amekatazwa kuziazimisha kwa mtu yeyote, hata kwangu kama ninazitaka kufungulia kopo.

Jeti ikishatoka, iinue kwenye taa. Ukiona mwanga wa duara kamili, sawa. Ukiona mwezi mwandamo, bado. Mimi natumia waya mwembamba kuliko wote wa gitaa, napitisha taratibu bila kulazimisha, kisha dawa ya kusafishia, kisha upepo wa kompresa. Ukilitanua tundu hilo kidogo tu, umebadilisha kipimo cha injini na hutajua kwa nini inakunywa.

Skrubu ya kurekebisha mchanganyiko imewekewa kichwa chenye umbo la herufi D, ili raia asiiguse kwa ajili ya sheria za moshi. Kifaa chake kinauzwa. Kabla hujaitoa, ikaze pole pole mpaka iguse huku unahesabu mizunguko, uandike, ndipo uitoe. Pamoja nayo kuna springi, washa, na oringi ndogo ambayo ikianguka sakafuni umeshaipoteza. Mwisho, kabureta zikirudi mahali pake, unaunganisha saa za kupimia uvutaji wa hewa na kuzisawazisha. Silinda ya mbele isiivute ya nyuma. Ikisawazika utaisikia: ule mguno mbaya wa chini unapotea, injini inapumua.

Honda wenyewe naona waliichoka kazi hii. Aero ya 2004 ilikuja na kabureta moja tu, na shafti mahali pa cheni. Wapo waliosema imepunguzwa nguvu. Huenda kweli ukishindana. Lakini kwa mtu anayekwenda kazini na Jumapili anatembea na mkewe mpaka Hocking Hills, kabureta moja ni jeti chache za kusafisha, hakuna kusawazisha, na bili yangu inapungua. Shadow Phantom nyeusi ya 2010 ikaja na sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta, na tangu hapo simu za Aprili za pikipiki mpya zaidi zinahusu betri tu. Mwaka huo huo walijaribu Shadow RS, yenye cheni na vikanyagio vya katikati, ikikusudia kufanana na Sportster ya Harley. Pikipiki nzuri kuendesha, sura haikuwashawishi watu, haikudumu.

Kinachonishangaza ni jinsi ile 750 ilivyoachwa ilivyo. Miaka ikapita, washindani wakaongeza cc, skrini, muziki, na Honda wakabadilisha rangi ya Shadow. Wanaoandika magazeti ya pikipiki wanaiita ya kizamani. Mimi ninayeifungua naona kampuni iliyogundua kwamba kitu kimefika, ikanyamaza. Valvu zinarekebishwa kwa skrubu na nati, injini ikiwa baridi: milimita 0.15 upande wa kuingiza, 0.20 upande wa kutoa. Hakuna kuagiza vidonge vya chuma vya vipimo tofauti kama kwenye injini za mbio. Fundi wa Moshi, bila mtandao, angeimaliza kabla ya chakula cha mchana, ingawa silinda ya nyuma ingemtukanisha.

Kuna jambo moja ninalopinga na sioni haya kulisema kwa wateja. Kijana ananunua Shadow yenye kilomita chache, imetulia, halafu kitu cha kwanza anatoa sailensa za kiwandani na kuweka mabomba matupu ili isikike kama Harley. Injini inapata mafuta machache kuliko hewa yake inavyotaka, akiachia mafuta kushuka mlima bomba linapiga risasi, anarudi kwangu kuuliza ina ugonjwa gani. Haina. Inataka jeti kubwa zaidi, na ule mfumo unaoingiza hewa kwenye bomba la moshi kusafisha moshi nao uangaliwe. Amelipa mara tatu: mabomba, jeti, na kazi yangu. Nazipokea pesa, lakini nikiwa peke yangu natamani zile sailensa za kiwandani zinunuliwe na mtu mwenye akili. Ninazo kadhaa juu ya rafu.

Naombwa ushauri mara nyingi na wanaonunua iliyotumika, hasa Waswahili wenzangu wa hapa, kutoka Kongo na Burundi, wanaotaka kitu cha mfukoni chenye heshima barabarani. Ninawaambia watafute Aero ya 2004 na kuendelea, ya shafti. Wasitishwe na umri. Wafike asubuhi bila kumpigia muuzaji kwamba wako njiani, washike silinda kwa mkono. Ikiwa ya moto, ilishawashwa kuficha kitu. Wafungue kifuniko cha rejeta ikiwa baridi, maji yawe ya kijani au ya rangi yake, si ya kutu. Wanyanyue gurudumu la nyuma walizungushe mbele na nyuma kwa mkono: kuchezacheza kidogo ni kawaida, kugonga siyo. Shafti haihitaji mafuta ya cheni kila wiki, na hilo ndilo linalowafanya watu waisahau kabisa. Mahali gurudumu linapokutana na shafti kuna meno, na meno hayo yakikauka yanatoa unga mwekundu, yanalika, na siku yakiisha injini inazunguka na pikipiki imesimama. Nafasi ya kuyafikia kirahisi ni moja: gurudumu likiwa limetoka. Kwa hiyo ukibadilisha tairi la nyuma la Aero, lile la 160/80-15, mwambie fundi asafishe meno ya shafti ayapake grisi ya molibdeni. Akikuuliza meno gani, chukua pikipiki yako uondoke.